Zambarau mbili kwa siku moja: Dunga alfajiri, Nakuru mchana. Nisaidieni nisirudi na picha ya kila mtu

MwanaWinam (mwanzisha uzi), Jumatano, saa 2:14 usiku

Wadau, hamjambo. Niko Kisumu, napiga picha kwa raha zangu tu, si kazi. Jumamosi nina siku moja ya kuzurura na nimeamua kwenda Nakuru kwa sababu mijakaranda imechanua. Shida ni kwamba nikifungua simu naiona picha ileile mara mia. Barabara ndefu, matawi yamekutana juu, msichana mwenye gauni jeupe katikati anarusha maua hewani. Mwaka jana nami nilipiga hiyohiyo, nikakosa gauni tu. Ilisifiwa siku mbili. Leo ukiichanganya na za wengine siwezi kuichambua ipi yangu.

Sasa juzi nilikuwa Dunga, ufukweni hapa Kisumu, nikila samaki, nikaona gugu maji limechanua. Wengi wetu hatujawahi kulitazama ua lake, tumelichukia gugu mpaka ua limekula hasara. Ni zambarau ileile ya jakaranda, jamani! Petali sita, na ile ya juu ina doa la manjano lililozungushiwa buluu, kama jicho kwenye unyoya wa tausi. Na yote mawili asili yake ni Amerika Kusini. Moja tunalipigia picha za harusi, jingine tangu lionekane Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 tunalitafutia dawa.

Kwa hiyo nataka kuanza alfajiri Dunga na kumaliza Nakuru, siku hiyohiyo. Sitaki hila za kompyuta za kubandika picha juu ya picha. Nina kamera kuukuu, lenzi ya milimita 50, na simu. Mnasemaje?

FundiLenzi, Jumatano, saa 2:51 usiku

Wazo zuri, ratiba ndiyo inakusuta. Ukitoka Dunga saa moja asubuhi, mpaka upate gari lijae, upite Kericho, Londiani, Mau Summit na malori ya Salgaa, utaingia Nakuru saa sita. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, na Oktoba jua la saa sita linakaa utosini. Kivuli chako unakikanyaga. Mti ukiupiga kwa ubavu saa hiyo unapata juu kumeungua, chini kiza, na rangi imechujuka.

Saa hiyo ingia chini ya mti, elekeza lenzi juu. Jua likipita ndani ya petali, ua linawaka kama kioo cha kanisani, na yale makokwa makavu ya mwaka jana (yale bapa, yaliyoachama kama midomo) yanakuwa vivuli vyeusi katikati. Ila anga ikiwa na mawingu meupe usiguse kabisa, utapata maua kijivu juu ya shuka jeupe. Tafuta ukuta nyuma, au geti, au bati lenye kutu. Zambarau mbele ya kutu haina mpinzani.

La pili, rangi. Simu ikiachwa iamue yenyewe inaifanya jakaranda buluu, au inaleta waridi ya peremende. Ukiweza, weka mizani ya rangi kwa mkono, chagua alama ya jua, halafu usiiguse tena siku nzima. Wewe hasa, kwa sababu unataka zambarau mbili zilinganishwe. Kama mizani inabadilika kila picha, utakuwa unalinganisha mawazo ya simu, si maua.

BintiNjoro, Jumatano, saa 3:20 usiku

Kaka, karibu Nakuru. Neno moja tu: ukiwaza kulala chini ili upige juu kama alivyosema FundiLenzi, kung'uta maua kwanza. Ua la jakaranda likianguka huwa bado zima, ni kama kitarumbeta, na nyuki anaingia humo kunywa kilichobaki. Sisi tulisoma shule yenye mijakaranda, kila Oktoba kuna mtoto pekupeku aliyechechemea. Hapo ndipo tulipojua pia mtihani umekaribia. Kidato cha nne hawakuwa wanayaona maua, walikuwa wanaona KCSE.

MzeeWaReli, Alhamisi, saa 12:40 asubuhi

Vijana, mimi nitawakera. Utakaa garini saa nne nzima kwenda kupiga mti ulioletwa na mzungu apambe barabara yake, na kabla ya hapo utapiga gugu linaloua ziwa. Njiani kote huko, kutoka Kericho, kuna Nandi flame ya kwetu, nyekundu kama moto, hata kituo hamweki. Mti wenye jina la watu wetu! Tulipokuwa wadogo tulichuma machipukizi yake kabla hayajafunguka, yamejaa maji, ukiminya yanaruka kama bastola. Shati la shule lilibaki na madoa, na mama hakuuliza mara mbili.

Amunavi_Vihiga, Alhamisi, saa 1:35 asubuhi

Shikamoo Mzee. Na mimi naongeza murembe. Unachanua ukiwa hauna hata jani, matawi makavu yenye miiba na juu yake vishada vyekundu kama makaa. Nyanya yangu alitukataza kuuleta jikoni kama kuni, na ukimwambia "ni mti tu" ulikuwa unakosa chakula cha jioni. Ukitaka picha isiyofanana na ya mtu, kaa chini ya murembe asubuhi usubiri chozi waje kunywa. Ndege mdogo, mdomo umepinda, anang'aa kijani. Mimi nilikaa siku tatu kwa picha moja.

MwanaWinam, Alhamisi, saa 1:58 asubuhi

Shikamoo Mzee. Maneno yako nimeyapokea na hayakunikera. Lakini jakaranda imekaa hapa miaka mingi kuliko mimi, na gugu pia linakaribia umri wangu. Siwapigi kwa sababu ni wenyeji au wageni. Nawapiga kwa sababu wamefanana na hakuna anayewaweka meza moja.

Amunavi, siku tatu mimi sina, dada. Nina Jumamosi.

Omosh_Mashua, Alhamisi, saa 4:10 asubuhi

Omera, usije Dunga saa kumi na mbili ukidhani gugu litakuwa limekungoja ufukweni. Usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, unalisukuma huko. Mchana unageuka, linarudi kutufungia njia. Alfajiri utalikuta mbali, kwa mashua. Kuna siku natoka njia ikiwa wazi na kurudi mchana mbele yangu kuna shamba.

Pia patana bei kabla ya kupanda, si katikati ya maji. Na vaa jaketi la kujiokoa hata kama litaharibu picha yako.

Dereva_Boda58, Alhamisi, saa 5:02 asubuhi

Mimi ni wa Section 58 hapa Nakuru, kazi yangu bodaboda. Mijakaranda nenda Milimani. Ila ujue huko kuna Ikulu ya Nakuru, ukikaribia kuta hizo weka kamera begini, usinifanye nikueleze mara mbili. Na walinzi wa nyumba za watu wasalimie kwanza. Mlinzi aliyesalimiwa atakusogezea hata kiti. Yule uliyempita kama mti ndiye atakuuliza kibali.

FundiLenzi, Alhamisi, saa 7:30 mchana

Hapo kwa bodaboda kuna picha. Weka kasi ya shata 1/15 ya sekunde, simama kando, mfuate mwendesha pikipiki kwa kamera akipita, ukizungusha kiuno, si mikono. Yeye atatulia kiasi, maua nyuma yatakuwa mistari ya zambarau. Utaharibu nyingi. Piga thelathini utapata moja.

BintiNjoro, Alhamisi, saa 7:44 mchana

Na mvua! Siku hizi inanyesha alasiri. Usikimbilie ndani. Lami ikiloa inakuwa nyeusi na ua moja lililoanguka linaonekana kama limechorwa.

MwanaWinam, Jumapili, saa 4:25 usiku

Nimerudi. Kiwiko kimevimba, nitafika huko.

Dunga nilikuwa saa kumi na moja na nusu. Omosh, ulisema kweli, ufukweni palikuwa peupe. Mwenye mashua alitaka elfu moja na mia tano, nikamwambia mimi si mtalii ni jirani wa Nyalenda, tukaangukia mia nane. Tulienda kama dakika ishirini ndipo tukakuta kisiwa chenyewe, kidogo tu, kama ukubwa wa sebule mbili. Nililala kifudifudi kwenye omo, ile pua ya mashua, na kushusha kamera mpaka karibu iguse maji. Jua lilipochomoza upande wa milima ya Nandi, lilipita nyuma ya petali na lile doa la manjano likawaka kama kibatari. Ndege mmoja mwenye vidole virefu kama njiti anatembea juu ya majani kana kwamba ni sakafu. Nilipiga kama arobaini. Mwenye mashua alinitazama mwisho akauliza, "Hili nalo lina picha?" Nikamwonyesha kwenye kioo. Akasema mke wake asilione, atataka la kuweka mezani.

Hapo nikafanya ujinga. Nilichuma kikonyo kimoja chenye maua, bila mzizi (najua, kabla hamjanipigia kelele), nikakitia kwenye chupa ya maji. Mpango wangu ulikuwa nikishike chini ya mjakaranda pale Nakuru, zambarau mbili katika fremu moja, kazi kwisha. Ndani ya matatu mama aliyekaa nami aliuliza kama Nakuru kumekosa gugu. Tulipofika Kericho maua yalikuwa yameinamisha shingo. Mau Summit yalikuwa yamejikunja, laini, yameshikana kama karatasi ya shashi iliyoloa chai. Lile doa la tausi lilikuwa halionekani hata kwa kutafuta. Mpango wote niliupanga siku tatu, ukaishia kwenye chupa ya nusu lita.

Nakuru saa sita na robo. FundiLenzi, kivuli changu nilikikanyaga kweli. Nilienda Milimani, nikasalimia mlinzi, akanipa kipande cha boksi nilalie. Nikalala. Nilisahau kung'uta. BintiNjoro, usicheke. Nyuki alinidunga kwenye kiwiko wakati ule ule nimepata fokasi, na picha ile imetoka kama imepigwa na mtu anayeanguka kutoka ghorofani. Nitaipandisha, sina aibu. Zile za baadaye ni nzuri, makokwa meusi na maua yanayowaka, lakini nilipozitazama jioni nilijua kuna watu wanazo tayari.

Bodaboda nilipiga thelathini na nne, moja imetulia. Mwendeshaji ana abiria wawili na godoro. Mistari ya zambarau nyuma ya godoro la maua. Naipenda.

Mtu aliyenifaa siku hiyo alikuwa mama mmoja anayefagia barabara. Nilimkuta anafagia kutoka chini kupanda juu, nikadhani amekosea, mteremko si unasaidia? Akanijibu bila kusimama: "Nikianzia juu, upepo unanirudishia." Alikuwa na fagio la njiti refu, anavuta maua anayafanya marundo, na kila rundo analiwekea jiwe au kipande cha tofali lisitawanyike. Akifika juu, kule chini kumekwisha funikwa tena. Nilimwomba ruhusa ya kumpiga picha. Akasema mikono na fagio sawa, uso hapana, kwa sababu kuna mtoto wake yuko WhatsApp usiku na mchana. Kwa hiyo nina mikono, fagio, na marundo saba yenye mawe kama makaburi madogo. Halafu akaniambia, kama mtu anayekuelekeza dukani: "Ukitaka kuyaona vizuri ngoja mvua, uende kwenye mfereji."

Mvua ilianza saa tisa na nusu, ile ya kupiga kama kokoto. Nilijibanza kibandani, nikala mahindi. Ilipokatika nikashuka mpaka mahali mfereji unapoingia chini ya barabara. Wadau. Maua ya mtaa mzima yalikuwa yamekokotwa pale yakaziba wavu wa chuma. Maji yamesimama, na juu yake mkeka wa zambarau unene wa kiganja, unaelea, unapumua polepole kila gari likipita. Chupa ya plastiki imekwama katikati kama mtumbwi. Nilishuka chini kama nilivyoshuka kwenye mashua, lenzi karibu iguse maji, milimita 50 ileile, mizani ya rangi ileile. Nilipoangalia kioo nikaona nipo Dunga.

Nimezipandisha mbili, nimekata kingo ili msione lami wala ziwa. Semeni ipi ni ipi.

Dereva_Boda58, Jumapili, saa 4:40 usiku

Huo mfereji naujua! Ukiziba huwa tunavua viatu. Sikuwahi kuuona hivyo. Ya kushoto ndiyo Nakuru.

Amunavi_Vihiga, Jumapili, saa 4:52 usiku

Nilidhani kushoto ni ziwa kwa sababu ya ule weusi wa maji. Lakini zile za kulia zimesimama wima, za kushoto zimelala. Ua la mfereji limekwisha kazi, lile lingine bado liko kazini.

Omosh_Mashua, Jumapili, saa 5:05 usiku

Kulia ni Dunga, mnabishana nini? Gugu lina kile kikonyo kilichovimba kama kitunguu, ndicho kinachoelea. Ona pale chini kidogo. Na ungengoja siku mbili hivi, vikonyo vya maua vingekuwa vimepinda kuingia majini, ndivyo linavyopeleka mbegu. Hiyo hakuna aliyeipiga.

Na kuhusu chupa yako, sitakupigia kelele sana kwa kuwa hukubeba mzizi. Lakini usirudie. Kipande kidogo chenye mzizi kikiangukia bwawa la mtu, baada ya msimu mmoja hana bwawa. Kule kwetu tangu 1997 walileta fukusi wa kulitafuna, na bado naamka kuna siku siwezi kutoa mashua.

MwanaWinam, Jumapili, saa 5:11 usiku

Omosh, nimekoma. Chupa niliimwaga kwenye jalala pale steji, gugu na maji yake, nikaikanyaga. Na hiyo ya vikonyo kupinda nimeiandika. Mia nane bado ni bei?

Omosh_Mashua, Jumapili, saa 5:13 usiku

Kwa wewe mia saba. Uje na chai.

FundiLenzi, Jumapili, saa 5:30 usiku

Nitakosoa kidogo, ndiyo kazi yangu. Ile ya mfereji umekata sana. Rudisha chupa ya plastiki na ukingo wa wavu wa chuma, japo kidole kimoja. Bila hivyo ni fumbo tu, mtu akishalijua amemaliza. Ukiacha ule wavu, mtu atakaa hapo. Na ya Dunga vilevile, acha omo ya mashua ionekane kwenye kona. Halafu uzichapishe ukubwa mmoja, zikae pamoja, bila maneno chini.

Marundo yenye mawe umeyapita haraka kwenye maelezo yako. Kwangu hiyo ndiyo picha ya tatu. Yapandishe yote saba.

MzeeWaReli, Jumatatu, saa 12:25 asubuhi

Nimeziangalia kwa miwani. Sawa, nakubali nusu. Huyo mama wa fagio angalau umemrudishia picha zake?

MwanaWinam, Jumatatu, saa 12:48 asubuhi

Shikamoo Mzee. Sina namba yake, hakutaka kunipa. Nitachapisha ile ya mikono na marundo, nimpe Dereva_Boda58 ampelekee, anafagia palepale kila asubuhi. Na Mzee, nusu iliyobaki niambie Nandi flame nzuri iko wapi njia ya Kericho, mwezi ujao nina Jumamosi nyingine.

Dereva_Boda58, Jumatatu, saa 1:02 asubuhi

Leta. Nimemwona leo, anaanzia chini.

BintiNjoro, Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Mimi nimekuza ile ya mfereji mpaka mwisho. Kona ya chini kulia, ndani ya ua la tatu, kuna miguu miwili imechomoza. Kaka, huyo si ndiye aliyekudunga?

MwanaWinam, Jumatatu, saa 1:24 asubuhi

Yule hakuwa na muda wa kufika mferejini, alikufa kwenye shati langu. Huyo atakuwa shemeji yake.